Nani Kakwambia Besi Ndiyo Sauti?

Mfyuuu! Nasonya hadharani, na leo siombi radhi. Kalinzi tumekosa nini, jamani? Kahawa tunayo, ya mlimani, inanywewa na watu wa ng'ambo wasiojua hata Mwandiga iko upande gani. Ndizi tunazo, maharage tunayo, lami ya Mwandiga–Manyovu inapita hapa hapa tulipoketi. Lakini ngoja Jumamosi, nenda harusini. Emsii anashika maiki, anasema "Mabibi na mabwana," na maiki inamjibu: fyiiiiiii! Bi harusi anaziba masikio. Watoto wanaangua kicheko. Kijana wa mitambo anarukia mikisa, anashusha kila kitu, sauti inakufa. Anapandisha tena. Fyiiiiiii!

Na mkoa wenyewe ni Kigoma! Mkoa wenye mizizi ya akina Diamond Platnumz na Ali Kiba. Mkoa ambao wasanii wake mwaka 2012 walijikusanya, wakajiita Kigoma All Stars, wakatoa wimbo wa Leka Dutigite. Watu wa muziki sisi, halafu salamu ya emsii inatushinda.

Sasa sikieni kituko. Kaja mjumbe wa kamati ya harusi hapa kijiweni, daftari kwapani. Anasema kamati imekaa, imejadili, imegundua tatizo: spika hazitoshi. Kwa hiyo kila mtu aongeze mchango, zikodiwe spika nyingine na sabufa kubwa kutoka Kigoma mjini. "Safari hii," anasema huku akilamba kidole afungue ukurasa, "besi itasikika mpaka Matyazo."

Mfyuuu! Matyazo kuna mtu gani wa kuoa?

Fundi wetu wa redio, ambaye kibanda chake ndicho kinachotupa kivuli, hakunyanyua hata macho. Alikuwa anachomoa kapasita kwenye televisheni ya kichogo. Akauliza tu: "Mjumbe, maiki ikipiga mluzi, ukaiongezea spika, mluzi utapungua?"

Kimya. Dogo wa bodaboda akacheka peke yake.

Tuanze na hesabu, maana watu wa kamati wanapenda hesabu. Sauti hupimwa kwa desibeli. Ukitaka kuongeza desibeli 3, ampilifaya itoe nguvu mara mbili. Desibeli 10, nguvu mara kumi. Sasa yule shemeji anayekuja kunong'ona kwenye sikio la kijana wa mitambo, "ongeza besi, kaka," na kijana akazungusha nobu ya besi mpaka mwisho, kwa mashine nyingi hapo kaongeza kama desibeli 12. Hiyo ni nguvu mara kumi na sita. Ampilifaya ya wati 100 iliyokuwa tayari inahema inaambiwa itoe wati 1,600. Itazitoa wapi? Haina. Inafika kikomo, mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakwaruza, na makombo ya ule mkwaruzo yanakwenda kuunguza twita. Kesho yake mnasema spika zilikuwa feki.

"Kwa hiyo tupunguze besi?" mjumbe akauliza, kama mtu aliyeambiwa apunguze pilau.

Hapo ndipo mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa anakunywa kahawa yake bila kuingilia, akatia neno. "Mjumbe, kwaya yangu ikiwa na mtu mmoja anayepotoka, siwaambii wote waimbe kwa nguvu wamfunike. Namtafuta ni nani, namwambia ashuke." Akarudi kwenye kikombe chake.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na ningeweza kuishia hapo tukalipana kahawa. Ila mjumbe kakunja uso, kasema: "Kifaa cha kumtafuta huyo mpotokaji tunacho. Tulikikodi kipindi kile. Kina vitelezi thelathini na moja kila upande!"

Tse! Vitelezi thelathini na moja. Nakijua hicho kisanduku. Kina taa za kupendeza, na kijana wa mitambo anavipanga vya kushoto juu, vya katikati chini, vya kulia juu, kwa sababu umbo hilo linapendeza machoni. Ajabu yake ni kwamba sauti ya binadamu inakaa hapo hapo katikati alipoporomosha. Emsii anameza maneno, kijana anaongeza volyumu ya maiki, mluzi unarudi. Tunacheza duara.

Fundi akaweka chini pasi yake ya kuchomelea. Akisha kuweka pasi chini, kaeni vizuri.

"Kisanduku hicho," akasema, "kila kitelezi kimefungwa mahali pake kiwandani. Kimoja kiko hezi 250, kinachofuata 315, halafu 400, 500, hivyo hivyo. Huwezi kukisogeza. Na upana wake umefungwa. Kazi yako ni juu au chini basi. Sasa ukumbi ukivuma kwenye hezi 280, utashusha kipi? Utashusha cha 250 na cha 315 vyote viwili, na hapo umeondoka na kifua chote cha sauti ya mchungaji. Mluzi umepungua, mchungaji naye kawa mtoto."

Dawa yake, akasema, ni ikolaiza ya namna nyingine, yenye nobu tatu tu kwa kila bendi. Ya kwanza inauliza: wapi? Unazungusha, inatembea kwenye masafa mpaka ufike hezi 280 yenyewe. Ya pili inauliza: upana gani? Eneo jembamba au pana. Ya tatu inauliza: kiasi gani, na ni kupandisha au kushusha? Mafundi wanaiita parametriki. Tatu tu! Na huyu anajivunia thelathini na moja.

Msidhani ni kitu cha juzi. Nobu za besi na treble zilizo kwenye redio za babu zenu zilitokana na saketi ambayo Mwingereza Peter Baxandall aliichapisha mwaka 1952 kwenye jarida la Wireless World. Nzuri, rahisi, lakini inashika ncha mbili tu, chini kabisa na juu kabisa. Katikati haigusi. Ikaja 1972, mwaka ambao Mbaraka Mwinshehe alikuwa bado na Morogoro Jazz, Mmarekani kijana, George Massenburg, hajafika hata miaka thelathini, akasimama mbele ya mkutano wa wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, akasoma andiko lake juu ya ikolaiza ya parametriki. Wengine walikuwa wameshaanza kuichokonoa njia hiyo, lakini jina na mpangilio wa nobu tatu zisizoingiliana vilishika kuanzia hapo. Zaidi ya miaka hamsini! Na sisi bado tunaongeza spika.

"Hiyo ni mashine ya Ulaya," mjumbe akasema. "Bei yake si ya kamati."

Mfyuuu! Mjumbe, unajua fundi ameshika nini mkononi? Kapasita. Unajua imetoka wapi? Kwenye televisheni uliyoitupa mwenyewe.

Basi fundi akachora. Kachora kwenye boksi la majani ya chai, na sisi tukasogea kama watu wanaogawana urithi. Nitawaeleza nilivyoelewa, na asiyependa saketi akaagize kahawa.

Ndani ya bendi moja kuna kichujio kilichojengwa kwa vikuza sauti vidogo vitatu. Kimoja kinajumlisha, viwili vinavyofuata kila kimoja kina rizista na kapasita yake. Rizista na kapasita ndizo zinazoamua wapi. Hesabu yake: moja, gawanya kwa mbili mara pai mara rizista mara kapasita. Chukua kapasita ya nanofaradi 10, ile iliyoandikwa 103 mgongoni. Chukua rizista ya kilo-omu 4.7, ifuatishe na volyumu, yaani rizista ya kuzungusha, ya kilo-omu 100. Volyumu ikiwa imefungwa, unapata kama hezi 3,400. Ikifunguliwa yote, unashuka mpaka kama hezi 150. Ndimo wanamokaa emsii, mchungaji na mama mkwe.

Unataka bendi ya besi? Usibadilishe kitu kingine chochote, badilisha kapasita tu, weka 104, mara kumi ya ile. Masafa yote yanashuka mara kumi: hezi 15 hadi 340. Unataka ya juu, penye "s" zinazochoma masikio? Weka 222, unapata kuanzia hezi 700 hivi mpaka 15,000. Michoro mitatu inayofanana, kapasita tofauti, kazi imekwisha.

Volyumu yenyewe iwe ya ghorofa mbili, mhimili mmoja unaozungusha rizista mbili kwa pamoja, maana zile sehemu mbili za kichujio lazima zitembee sawa. Na hapa fundi alitoa siri inayowaumiza wengi. Madukani, hata pale Mwanga, Kigoma mjini, volyumu nyingi zimeandikwa B100K. Hiyo B ina maana rizista inapanda kwa hatua sawasawa. Ukiitumia, nusu nzima ya mzunguko inakutoa hezi 150 mpaka 290 tu, halafu nusu iliyobaki ndiyo inabeba vyote mpaka 3,400. Sehemu ya kumi ya mwisho, ukigusa kidogo tu umeruka kutoka hezi 1,100 hadi mwisho wa safari. Hapo hata daktari wa upasuaji hawezi kulenga. Tafuta iliyoandikwa A, ambayo rizista yake inapanda polepole mwanzoni na kukimbia mwishoni. Masafa yatapangika vizuri, ila yataenda kinyume: ukizungusha kulia yanashuka. Andika tu kwa kalamu pembeni ya nobu, maisha yaendelee.

"Na kupandisha na kushusha kunatoka wapi?" dogo wa bodaboda kauliza, na hapo nikajua ameacha abiria kwa ajili ya mambo haya.

Hapo ndipo penye uzuri wake. Kuna kikuza sauti cha nne, kikubwa cha nyumba, ambacho kinaigeuza sauti juu chini. Volyumu ya kiasi ncha yake moja inashika sauti inayoingia, ncha ya pili inashika sauti inayotoka, ambayo imegeuzwa. Mkono wa katikati ndio unaolisha kichujio, na kichujio kinarudisha masafa yake mlangoni mwa hicho cha nne. Ukiuvuta mkono upande wa kuingia, masafa yale yanaongezwa. Ukiuvuta upande wa kutoka, yanajirudi yenyewe na kujipinga, yanashuka. Ukiuacha katikati kabisa, kuingia na kutoka vinafutana, na sauti inapita ilivyokuja, hakuna kilichoguswa. Mzee mmoja hapa katikisa kichwa akasema, "Hii haki kabisa."

Nobu ya upana inadhibiti jinsi kichujio kinavyojizuia chenyewe. Kipimo chake ni masafa ya katikati kugawanywa kwa upana. Ukiwa hezi 1,000 na kipimo 1, unagusa eneo la hezi 1,000 zima. Ukiwa na kipimo 5, unagusa hezi 200 tu. Mtego wake: saketi nyingi za haraka haraka, ukigusa upana, na kimo nacho kinapanda au kushuka bila kuambiwa. Fundi mzuri anapanga rizista ili kichujio kinapobanwa kiwe chembamba, kiingizwe sauti kidogo kwa kiwango kile kile. Asipofanya hivyo, nobu tatu zinakuwa nobu mbili na mkorofi mmoja.

Vikuza sauti vyenyewe ni aisii za miguu minane, ndani ya kila moja viko viwili. Ile 4558 imejaa kwenye mashine mbovu za mitaani. TL072 inafaa, NE5532 ina utulivu zaidi, ila angalia bandia. Tatu zinatosha bendi moja, na nafasi ya kurudisha sauti iliyogeuzwa isimame tena wima. Mguu wa 8 ni chanya, mguu wa 4 ni hasi, na karibu kabisa na miguu hiyo weka kapasita ya 104, usiache. Ukiacha, aisii inaanza kuimba yenyewe kwa masafa ambayo sikio halisikii lakini twita inayasikia, na inaungua kimyakimya. Kapasita za masafa zisiwe zile za udongo za duara, zile zinabadilika kwa joto na hata ukizigonga. Tafuta za plastiki.

Umeme je? Hapa kwetu tunajua umeme una tabia zake, na wengine mnapigia muziki betri ya sola. Betri ya volti 12 inafaa. Rizista mbili za kilo-omu 10 zinaigawa katikati, volti 6, kapasita ya mikrofaradi 100 inatuliza pale, na hapo ndipo aisii zitakapohesabu kuwa ardhi yao. Ila ujue mipaka. Sauti ya volti moja ikipandishwa desibeli 12 inakuwa mara nne, na kilele chake kinapita volti 5. Aisii kwenye betri hiyo haifiki huko, inakata vichwa vya mawimbi kabla hata ampilifaya haijajua kuna harusi. Saketi yenyewe, mjumbe, inakwambia: punguza, usiongeze.

Sasa kuitumia. Mafundi wengi wanajenga vizuri, wanatumia vibaya. Sikia utaratibu.

Kwanza nobu ya kiasi iwe katikati, ukumbi usikie sauti ilivyo. Mtu azungumze kwenye maiki, asipige "wani tuu, wani tuu," azungumze. Simama mbali, walipo wageni. Kisha volyumu kuu ishuke, hii ni muhimu, maana unakwenda kufanya uchokozi. Bana upana uwe mwembamba, pandisha kiasi kama desibeli 6, halafu zungusha nobu ya wapi polepole. Unamtafuta mkorofi kwa kumkuza. Utasikia sauti ya mtu inabadilika, hapa inavuma, hapa inatoka puani, hapa inakwangua. Itafika mahali ule ubaya uliokuwa unakusumbua unakuwa mbaya mara mbili. Simama hapo. Usiguse wapi tena. Sasa rudisha kiasi, pitiliza katikati, shusha desibeli 3, ikishindikana 6. Halafu panua kidogo kidogo mpaka mtu asikike kama mtu.

Uvumi wa kifuani kwa wanaume mara nyingi utaukuta kati ya hezi 200 na 400. Sauti ya puani iko jirani na 1,000. Mkwaruzo unaochosha uko kati ya 2,000 na 4,000, na hapo panahitaji adabu, kwa sababu sikio la binadamu ndipo linaposikia kwa ukali zaidi, na ndipo herufi zinapotofautiana. Ukikata pana hapo, emsii atasema "shangilieni" watu wasikie "angalieni."

Mluzi nao una njia yake. Pandisha maiki taratibu mpaka ianze kulia, izuie pale pale mlangoni mwa kilio, utafute mluzi kwa nobu ya wapi, uukate kwa wembamba. Ukishapata mlizi wa kwanza, wa pili atajitokeza. Ukimkata wa tatu, acha. Zaidi ya hapo hutibu sauti, unaitoboa.

"Kwa hiyo hiyo saketi inamaliza kila kitu?" mjumbe kauliza, na mara hii hakuuliza kwa kejeli.

Fundi kacheka. Hapana. Ukumbi wa matofali na bati, bila pazia, bila kitambaa, mwangwi wake hauondoki kwa nobu yoyote. Ikolaiza inagusa sauti inayotoka kwenye spika, haiwezi kuizuia isirudi kutoka ukutani. Watu wakijaa, mwangwi unapungua, kwa hiyo aliyepima ukumbi mtupu saa nne asubuhi apime tena wageni wakiingia. Na saketi haiwezi kumtibu kijana anayesimamisha spika nyuma ya emsii zikiitazama maiki usoni. Spika ziwe mbele ya maiki. Emsii aisogeze maiki mdomoni, asiishike kwa kuifunika kichwa kama wale wa kwenye video. Hayo mawili ni bure, na yanashinda nusu ya ugomvi.

Halafu kuna majirani. Nchi hii ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu 2015, na wasimamizi wa mazingira wanazijua vizuri kuliko kamati. Besi ndiyo inayopenya kuta na kusafiri mbali; maneno ya emsii hayasafiri. Mnamwamsha mgonjwa wa kijiji cha pili kwa kitu ambacho hakimsaidii hata mgeni wa meza ya kwanza kusikia jina la bwana harusi.

Mjumbe kafunga daftari, kafungua tena. Kauliza fundi anataka siku ngapi na vitu gani. Fundi kamwandikia kwenye lile lile boksi la majani ya chai: aisii, volyumu za A, kapasita, kisanduku cha bati, na kijana mmoja wa mitambo aje akae naye ajifunze kusikiliza. Hilo la mwisho kalipigia mstari. Mwalimu wa kwaya kasema atamleta kijana wake wa sauti ya nne, ana masikio.

Basi kamati, mchango wangu wa spika siutoi, wa saketi natoa leo leo. Na naleta azimio, liandikwe: siku ya harusi, shemeji yeyote atakayemfuata kijana wa mitambo na "ongeza besi, kaka," arudishwe kwanza kwa mweka hazina. Anataka nguvu mara kumi na sita? Na mchango wake uwe mara kumi na sita.